Ua wa Mnyaa

Kaka yangu alinipa kile kipara cha ardhi mbele za watu, na alinipa huku akicheka. Naanzia hapo kwa makusudi. Wengine wakiisimulia habari hii huanzia siku ya panga, nikaonekana mimi ndiye mwenda wazimu. Ukorofi ninao, sikatai. Nimezaliwa nao na nitazikwa nao. Lakini panapofuka moshi pana moto, na moto ule aliuwasha yeye kwa mdomo wake, siku ya hitima ya mjomba wetu.

Nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka Tiwi, nimeachwa. Mume wangu alikuwa mtu wa minazi, mpole, hakuwahi kuniinulia mkono. Aliniambia tu, baada ya sala ya alasiri, kwamba amechoka kungoja mtoto. Mtu akikuacha kwa upole namna ile huna hata la kumlaani. Nikafunga nguo zangu ndani ya kanga, nikapanda bara kwa miguu, nikapita Mkongani, nikashuka upande wa pili ambako ndiko kwetu. Huko mvua huja imechoka. Watu wa kwetu waliijua mvua kwa kuisikia ikinyesha kwa wenzao.

Baba alikuwa amekufa zamani. Ardhi tuliyokuwa tukikaa ilikuwa ya mjomba, ndugu wa mama, na mjomba alipokufa ilimwendea kaka yangu, mpwa wake, kama ilivyokuwa desturi yetu kabla watu hawajaanza kuulizana kuhusu mirathi ya dini. Kaka yangu alikuwa hodari wa mambo haya. Palipomfaa mila alikuwa mtu wa mila, na palipomfaa dini alivaa kofia.

Siku ya hitima, watu walipokwisha kula, mama yetu alimwambia, "Mdogo wako huyu amerudi. Mwonyeshe pa kushika jembe."

Kaka hakusimama. Alinyoosha kidevu tu kuelekea mteremko ulio nyuma ya zizi la mbuzi. Mahali pale palikuwa pekundu, pagumu, pana vifereji vilivyochimbwa na mvua, wala hapakuwa na nyasi hata ya kufutia jembe. Watoto walipaita Kipara.

"Apewe Kipara," alisema. "Tasa kwa tasa, watajuana."

Watu wakacheka. Na kwa kuwa walicheka, akaongeza: "Nasema mbele yenu wote. Akiotesha kitu pale, hata jani la kumfichia panzi, basi ni pake, yeye na Mola wake. Sitamuuliza."

Mama alikuwa amekaa kando yake, magoti yao yamegusana, anachambua mchele kwenye ungo kwa ajili ya chakula cha wageni wa jioni. Mkono wake ulisimama. Kisha naye akacheka kidogo, akaendelea kuchambua. Nililiona hilo, na nikaliweka moyoni.

Asubuhi yake nilikwenda Kipara na kata ya maji. Nikayamwaga chini nione. Wallahi, maji hayakuzama. Yaliteremka juu ya udongo yakiwa yamebeba vumbi mgongoni, yakaingia kwenye kifereji, yakaenda zake kwa kaka. Nikakaa chini nikalia, si kwa ajili ya ardhi, kwa ajili ya kile kicheko.

Sasa msiniulize nani alinifundisha, maana hakuna aliyenifundisha. Nilifundishwa na makaburi. Siku chache baadaye nilikwenda kuzuru kaburi la mjomba, na makaburi yetu yalikuwa yamezungushiwa miiba ili fisi wasifukue. Ndani ya miiba ile nyasi zilinifika magotini. Mikone ya porini ilikuwa imejaa matunda, hata mkwaju mchanga ulikuwa umesimama juu ya kichwa cha marehemu mmoja wa zamani. Nje, hatua moja tu, uwanda mtupu. Udongo ulikuwa uleule na mvua ileile. Nikasimama pale nimeshika kanga yangu mdomoni. Kumbe nchi haikufa! Nchi ilikuwa inaliwa. Kila jani lililochungulia lilikutana na jino la mbuzi.

Nikaanza na miiba. Nilikata matawi ya migunga kule bondeni, nikayaburuta mpaka mikono ikawa haifungiki, nikazungusha kipara chote. Matawi mengine nikayalaza ndani, chini kabisa, juu ya udongo mtupu, ili upepo ukija na mbegu na majani makavu yanase hapo. Watu walipoona nimefunika ardhi kwa miiba, wifi yangu, mke wa kaka, alipiga ukelele. "Njooni mwone! Ameachwa na akili nayo imemwacha!"

Nikapanga mawe. Niliyapanga mistari ya kukata mteremko, ili maji yakija yasimame kidogo yafikiri. Na juu ya mawe nikachimba vishimo, kila kimoja cha kukaa kuku anayeatamia, nikatia samadi. Samadi niliitoa zizini kwa kaka. Niliomba ruhusa kwanza, na wifi yangu akasema, "Zoa, zoa yote, utusafishie." Nikawa kila siku natoka zizini na kikapu kichwani, mavi ya mbuzi yakinivuja shingoni, na watoto wake wakinifuata nyuma wakiziba pua.

Miaka ile Serikali ilikuwa ikiwalazimisha watu kuchimba makinga-maji, na asiyechimba alisumbuliwa na watu wa chifu. Basi mimi niliyechimba bila kusukumwa nikawa adui. Kisimani wanawake walinitungia wimbo, kwamba mwenzao nimekosa mume wa Tiwi sasa namtaka bwana shamba. Niliposhusha mtungi wangu walinyamaza, nilipojitwika walianza tena. Bwana shamba mwenyewe sikuwahi kumwona hata kivuli. Gari lake lilikuwa halifiki kwetu. Siku moja niliurudia wimbo wao wenyewe kwa sauti kubwa, nikaukatikia kiuno palepale kisimani, wakaona haya, wakautupa. Lakini kucheka na mimi hawakucheka, na maji nikaendelea kuteka mwisho.

Miiba ya kukatwa huoza na mchwa huila, hilo nilijua. Kwa hiyo nyuma ya ile miiba nilipanda mnyaa. Mnyaa kila mtu wa kwetu anaujua: ni vijiti vya kijani bila majani, ukikikata kimoja ukakichomeka hata kwenye jiwe kitashika, na mbuzi haugusi kwa sababu ya utomvu wake. Ni mweupe mzuri kama maziwa, na ukiingia jichoni jicho limekwenda. Dawa yake ni moja, kuosha upesi kwa maziwa. Ya mama anayenyonyesha, na akikosekana, ya mbuzi. Wanawake wakikata mnyaa hujifunga kanga usoni na huomba mwenye mtoto mchanga akae karibu. Mimi nilijifunga kanga tu, maana wa kukaa karibu yangu hakuwapo. Nilichomeka kijiti baada ya kijiti, kuzunguka Kipara chote, kwa mkono wangu huu.

Mvua ya masika ya kwanza haikunipa kitu cha kujisifia. Vishimo vilijaa maji, na maji yakazama. Hilo tu. Lakini niliinama juu ya kishimo nikayaangalia yakizama, nikasema Alhamdulillahi mpaka nikajishangaa.

Kisha vile visiki. Sikuwa nimejua kwamba chini ya ule wekundu palikuwa na visiki vya miti ya zamani, vimekatwa kwa kuni, vimetafunwa mpaka vikawa sawa na ardhi. Vilipopumzika na meno ya mbuzi vikatoa machipukizi kama vidole. Nikakata yaliyo dhaifu, nikaacha moja lililonyooka kwa kila kisiki, na lile likapanda kwa hasira, maana lilikuwa na mizizi ya mzee chini yake. Na kwenye vishimo vya samadi ikaota migunga midogo, mingi, ambayo sikuipanda. Mbuzi wa kaka walikuwa wamekula maganda ya mgunga bondeni, mbegu zikatoka nzima kwenye mavi, nami nikazibeba kichwani bila kujua. Nilicheka peke yangu siku ile. Nyasi nazo nilizitikisia mbegu makaburini, nikazileta katika ncha ya kanga, nikazitupa penye matawi yaliyolala.

Sitaki kuwachosha. Masika yalipita na vuli ikapita, na nyingine, na nyingine. Mnyaa ukapanda ukanipita kimo, ukafungana hata kuku hapiti. Ndani nyasi zikashikana, mikone ikazaa, ndege wakaja wenyewe bila kualikwa. Maji yaliacha kukimbia. Nikajenga kibanda humo, cha fito na udongo, kidogo lakini changu, nikafyatua na mdomo wangu kwa kila aliyepita: "Karibu! Njoo umwone panzi wangu alikojificha!"

Ndani ya kibanda niliweka vitanda viwili. Kimoja changu, cha pili cha mama. Nilisuka kamba zake mwenyewe, nikazivuta mpaka zikalia. Mama alikuwa analala jikoni kwa kaka, kwenye mkeka, kwa sababu vyumba vilijaa watoto. Nikamwambia, "Mama, kitanda chako kiko tayari. Njoo tukae wawili."

Alikuja kukiona. Akakikalia, akakishika kamba zake, akasema, "Umejua kuvuta." Kisha akasimama, akajitikisa nguo. "Nikihamia kwako watu watasema mwanangu wa kiume ameshindwa kunitunza. Unataka nimwaibishe?"

"Na mkeka wa jikoni haumwaibishi?"

"Hilo la ndani ni la ndani," alisema, akaondoka. Kila nilipofagia nilikung'uta kitanda kile vumbi. Mtu asinicheke, nilikuwa namtaka mama yangu. Niliona nikipata pale pangu na yeye akawa ndani, basi yule wa Tiwi na wale wa kisimani wote wangekuwa hawakunifanya kitu.

Ndipo kikaja kiangazi kile kikali. Vuli haikunyesha, na masika yake yalipiga radi yakapita. Bondeni palikauka mpaka matope yakapasuka. Mbuzi wa kaka walianza kula makuti ya paa. Na katika nchi yote ile, ukisimama popote, kijani ulichokiona kilikuwa kimoja tu, ndani ya ua wangu.

Kaka alikuja mwenyewe. Hakubisha hodi. Alisimama penye mlango wa miiba akanisemesha kutoka nje.

"Mdogo wangu, fungua mbuzi waingie."

Nikamwamkia kwanza. "Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Fungua."

"Kaka, mbuzi wakiingia hapa watakula na mizizi. Miti bado michanga. Nitakukatia nyasi kila asubuhi, mzigo mzima, nikuletee zizini. Mbuzi wako hawatakufa."

Alinitazama kana kwamba kiti kimesema. Lakini alikubali, na mimi nikatimiza. Kila asubuhi nilikata nyasi kwa mundu, nikapeleka mzigo, na mbuzi wake wakasimama. Jirani zake wakafiwa na mbuzi, yeye hakufiwa. Mnadhani alishukuru? Lo! Mtu akizoea kupewa huona anadaiwa. Baada ya muda akawa anasema mbele za watu kwamba dada yake anamkatia nyasi zake kwa mafungu kana kwamba yeye ni mwombaji. Nyasi zake! Nililisikia neno hilo nikalipuuza. Nilikuwa na ahadi yake, iliyosemwa hadharani. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini mimi nilikuwa bado naipiga pasi nguo yenyewe.

Asubuhi moja wifi yangu alinijia na uso wa asali. "Wifi yangu, njoo unisaidie jikoni. Tuna wageni wakubwa leo, na mkono wako kwa pilau unajulikana." Nikaenda. Mbuzi alikuwa amekwisha chinjwa, beberu mnono, na unono wake nilijua ulikotoka. Nikakaanga vitunguu, nikapika pilau, nikapakua kwenye masinia. Wazee wa ukoo walikuwa wamekaa uani kwenye mikeka, na majirani kadhaa pembeni yao, wakala, wakasifu, mmoja wao akauliza nani amepika, nikaona fahari. Nikawanawisha mikono. Kahawa ikapitishwa.

Ndipo kaka yangu akakohoa, akasema, "Sasa wazee, tulimalize lile shauri la ardhi niliyowaitia. Mwenyewe huyo hapo." Na akaninyooshea kidole mimi, nina birika mkononi.

Nilikuwa nimewapikia mahakimu wangu.

Wakaniketisha. Kaka akasema ardhi ni ya ukoo, yeye ndiye mshika ukoo, na mimi nimeizungushia ua nikawafungia mbuzi wa ukoo nje wakati wa njaa. Mzee aliyekuwa mkubwa wao, mtu wa sauti ndogo, akanigeukia. "Binti, mila yetu unaijua. Ardhi ina mwenyewe na mti una mwenyewe. Aliyepanda mnazi, mnazi ni wake, hata kama umesimama kwa mwenzake. Aliyepanda mwembe, hali kadhalika. Sasa tuonyeshe. Umepanda nini?"

Hapo ndipo nilipoona shimo lililochimbwa. Nilikuwa nimetoka kwa watu wa minazi, nimelala miaka chini ya minazi, na sikupanda hata mmoja! Na ningeupandaje? Mnazi kwa ukame ule ungekufa kabla sijafukia shimo. Nikasema, "Pana mikone pale. Pana mikwaju, na migunga, na nyasi. Kulikuwa hakuna kitu, na ninyi nyote mnajua kulikuwa hakuna kitu."

"Mkone hupandwa?" aliuliza mzee mwingine, na wenzake wakatabasamu. "Mkone ni mti wa Mungu. Huota."

"Uliota kwa sababu yangu!"

"Hata mvua ungesema inanyesha kwa sababu yako."

Wakacheka, wameshiba. Kaka akaona upepo unamjia, akaongeza lake. "Na hiyo migunga, wazee, imetoka kwenye samadi ya zizi langu. Mbegu imetoka matumboni mwa mbuzi wangu. Kama kuna aliyepanda, ni mbuzi wangu waliopanda." Na wazee wazima, wenye mvi na kanzu, wakatikisa vichwa wakaona ni hoja.

Nikasimama. Birika lilikuwa bado mkononi mwangu. "Aliniahidi! Siku ya hitima ya mjomba alisema nikiotesha hata jani la kumfichia panzi ni pangu. Alisema mbele za watu."

"Nani alisikia?" mzee mkubwa aliuliza. Waliokuwapo siku ile, wengi walikuwa majirani, na majirani wamefiwa na mbuzi wao na ua wangu wanauona kila siku. Waliinamia vikombe vyao. Mmoja alijikuna goti.

Nikasema, "Mama alisikia. Alikuwa kando yake."

Mama alikuwa mlangoni pa jikoni, ameshika ungo. Mzee akamwuliza kwa heshima, maana walikuwa rika. "Mama yao, ulimsikia mwanao akitamka ahadi hiyo?"

Mama aliniangalia mimi, kisha akamwangalia kaka. Kaka hakumtazama, alikuwa anajichokoa meno. Mama akasema, "Masikio yangu ya kizee haya. Siku ile palikuwa na kelele. Mimi sikusikia."

Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, husema waungwana. Mimi nilizaliwa nao, na mchana ule nilikufa peke yangu.

Wakatoa hukumu. Ardhi irudi kwa kaka. Mimi nirudi nyumbani kwake nitunzwe kama dada. Na yule mzee wa sauti ndogo, ili aonekane amefanya haki, akamalizia: "Mila haimdhulumu mtu. Alichokipanda kwa mkono wake, akichukue."

Nikamwuliza, "Na mnyaa? Mnyaa nimeupanda mimi, kijiti kwa kijiti. Huo nao ni wa Mungu?"

Walitazamana, kisha wakaangua kicheko. Nani anataka mnyaa? Hauna tunda, hauna ubao, hata kuni yake hutoa moshi wa kupofusha. Kaka yangu mwenyewe alikuwa akifuta machozi ya kucheka. "Chukua, mdogo wangu! Chukua mnyaa wako wote, na Mungu akubariki nao!"

"Mmesikia?" nikawauliza wazee. "Safari hii mmesikia?"

"Tumesikia," wakasema.

Nikaliweka birika chini. Nikaenda kibandani nikachukua panga.

Sikujifunga kanga usoni. Nilianzia upande wa zizi. Panga likiingia, mnyaa unatoa kishindo laini, na utomvu unaruka. Nilikata, nikavuta, nikatupa, nikakata. Mbuzi wa kaka walikuwa zizini wakanusa. Wa jirani walikuwa njiani, mbavu nje, wakanusa nao. Pengo la kwanza lilipofunguka waliingia wote, wa kaka na wa wasio kaka, wakapanda migongo ya wenzao ili waingie. Hakuna aliyeweza kuwatoa, na hakuna ua uliobaki wa kuwarudisha nyuma, nilihakikisha hivyo. Nyasi zile hazikufika Ijumaa. Machipukizi yalikwanguliwa mpaka kwenye kisiki, mikone ikamenywa maganda ikafa imesimama. Na kiangazi kilipokuwa bado kirefu mbele, kaka yangu hakuwa na mzigo wa asubuhi tena, mbuzi wake wakaanza kulala wasiamke. Sikucheka. Kulia nako sikulia. Lakini hayo yalikuja baadaye.

Siku yenyewe nilikuwa nimefika nusu ya ua, jua limeanza kulegea, utomvu uliponiruka jicho la kushoto. Hakuna maneno ya kuusema moto ule. Nililia kwa sauti ya mnyama, panga likaniponyoka, nikaanguka chini penye nyasi ambazo mbuzi hawajazifikia. Kule uani wazee walikuwa bado hawajaondoka. Nilisikia vikombe vya kahawa vikigongana.

Aliyekuja alikuwa mama. Alikuja mbio, uzee wake wote, kibuyu mkononi kimejaa maziwa ya mbuzi, bado yana joto. Alimkamua mmoja hukohuko njiani. Akapiga magoti kando yangu, anatweta.

"Lala chali, mwanangu. Lala nikuoshe upesi."

Nikakaa. Nilikuwa nimeliziba jicho kwa kiganja na moto unapita kati ya vidole. "Mama," nikamwambia, "siku ya hitima ulikuwa umekaa wapi?"

"Jicho litakufa! Lala kwanza."

"Ulikuwa umekaa wapi?"

"Kando ya kaka yako."

"Ulisikia?"

Alitazama nyuma yake. Hapakuwa na mtu, ni mbuzi tu, wanatafuna. "Nilisikia," akasema. "Nilisikia kila neno, na nikacheka. Umeridhika? Sasa lala."

"Wazee bado wapo uani. Nenda kawaambie."

"Sitakwenda."

"Mama, nenda. Ni neno moja tu. Kitanda chako kipo pale ndani, mimi nitautia mnyaa tena ardhini leoleo, unashika hata ukiwa umekatwa. Nenda."

"Sitakwenda," akasema tena, na sauti yake haikuwa ya ukali, ilikuwa ya kunifundisha, kama alivyonifundisha kusuka ukili. "Wewe hujazaa. Ungezaa ungejua. Mama hamtoi mwanawe mbele za wazee."

"Na mimi ni nani?"

Aliangalia kibuyu, akaona maziwa yanapoa, akaninyooshea.

Nikakipokea kwa mikono miwili, kwa adabu, kama mtu anavyopokea kitu kwa mamake. Nikayamwaga chini. Ardhi ile, iliyonirudishia maji yangu siku ya kwanza, iliyanywa maziwa yote palepale, na mimi na mama tukaiangalia inavyokunywa.